Rangi Chini ya Waya

Mafundi wenzake walimwita Mama Taa kwa sababu ya kile kitaa cha kupimia umeme alichokichomeka nywelini siku nzima. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuinamia mabetri, na ulimi mkali kuliko bisibisi. Akisema gari bovu, bovu. Akisema dereva, basi dereva amekwisha.

Na safari hii alikuwa amesema dereva.

Lile gari la buluu la kuvuta magari mabovu lilizima njiani mara ya kwanza, akabadilisha betri. Likazima tena, akabadilisha alternata, ile mashine ya kuchaji betri. Lakini kila likiletwa gereji linawaka kwa kuguswa tu, linanguruma kutwa bila kukohoa. Mama Taa akachoka. "Gari ni zima," alimwambia tajiri mwenye gari. "Mchunguze dereva wako anafanya nini huko barabarani."

Sasa limezima mara ya tatu, na tajiri ameapa: ugonjwa usipoonekana, Jumamosi dereva aende zake.

Dereva mwenyewe waliyemwita Kimya alisimama kando, akikunjakunja kofia. Mama Taa alimwonea huruma, ila hakutaka ionekane.

"Hebu niambie, mwanangu. Linazima ukiwa unafanya nini?"

"Nikiinua mzigo, mama."

"Mbona siku zote hukusema?"

"Hukuniuliza."

Jibu likamchoma. Kweli, mara zote alimuuliza tajiri, na gari akalipima tupu. Haya, wakafunga winchi, ile mashine ya gari ya kuvutia mzigo, kwenye lori bovu lililolala uani. Mama Taa akashika mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye fremu ya gari. Sifuri. Kimya akabonyeza swichi. Waya wa winchi ukakaza, mota ikaanza kunyonya umeme, na mita ikapanda: volti mbili, tatu, nne. Kifaa kinachoruhusu dizeli kuingia kwenye injini kikaishiwa nguvu, kikafunga. Injini ikazima palepale.

Umeme ulikosa njia ya kurudi kwenye betri. Akaifungua nati ya waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, pale kwenye fremu, na chini yake akakuta rangi ya buluu, nzima, inang'aa; na rangi haipitishi umeme.

Mama Taa akaketi juu ya tairi kuukuu. Gari lilipakwa rangi hapohapo gerejini, na waya ule aliurudisha yeye. Yeye anayewafokea mafundi wote wakwangue mpaka chuma king'ae! Siku ile alikuwa anawahi harusi ya mdogo wake, kucha zimeshapakwa rangi, akaona uchungu kuziharibu kwa msasa. Akakaza nati hivyohivyo, akaondoka ananukia.

Angekwangua akanyamaza, nani angejua? Akatoa simu, akaweka sauti ya juu ili Kimya asikie.

"Tajiri, gari limepona. Nilifunga waya juu ya rangi, kosa ni langu. Dereva wako hana hatia. Yale maneno yangu nayafuta."

Tajiri alifoka weee, mwisho akapoa.

Kimya aliuchukua msasa, akaanza kukwangua. "Nyumbani tumeshafunga mizigo, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Watoto jana niliwaambia wakawaage wenzao shuleni."

Mama Taa aliinuka kwenye tairi. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya gereji nzima.

"Lete huo msasa," alisema. "Nenda kafungue mizigo."