Jino Lililoshona Nguo za Idi

Wiki hii ya kuelekea Idi, benchi la nje ya chumba cha daktari wa meno lilikuwa limejaa, nami nikiwemo. Akatoka mama mmoja, fundi cherehani wa mtaani kwetu Chuno, kiganja kimeziba mdomo.

"Kasemaje?" aliuliza shangazi yake, aliyemsindikiza.

"Kagonga, kachungulia, haoni kitu. Jino zima. Nimemwambia aling'oe hivyo hivyo, kakataa. Nitatafuta mwingine wa kuling'oa leo leo."

"Jino la mbele, mwanangu? Idi yote utacheka umeinamia ukuta?"

Fundi alikuwa ameona uzi unaning'inia kwenye mkono wa baibui la shangazi. Akaushika, akainama, akaukata kwa meno. Papo hapo akaruka, machozi yakamlenga.

Benchi zima tukasimama. "Daktari, njoo uone," aliita mzee mmoja. "Tumelikamata."

Daktari akatokeza kichwa. "Mama, unakata nyuzi hivyo kila siku?"

"Tangu asubuhi mpaka jioni. Mkasi nitaushika saa ngapi, na mikono yote iko kwenye nguo?"

"Basi huenda jino limechoka tu. Lipumzishe, baada ya Idi tuliangalie tena."

Tulishangilia kama tumefunga bao, na fundi akacheka, meno yote yapo. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, mpaka nilipokumbuka kwamba kanzu yangu iko kwake, haijapindwa.

Jioni nilimpelekea mkasi, nimeufunga utepe auvae shingoni.