Wageni wa Mjomba Sefu

Jumapili kiwanja cha mtaa wetu wa La Rochelle kilinukia majani yaliyokatwa asubuhi, moshi wa soseji kwenye makaa, na dawa ya misuli ambayo Mjomba Sefu alijipaka begani kwa ukarimu mno, tukajua amefika kabla hatujamwona. Mjomba, mdogo wake Mama, siku za kazi alilinda mlango wa jengo la ofisi kule Marshalltown, katikati ya jiji. Jumapili alikuwa mrushaji wa akiba katika timu ya besiboli ya mtaa wetu. Mrushaji ndiye anayemtupia mpinzani mpira aupige; wa akiba hukaa benchi mpaka mwenzake achoke au aharibu, ndipo aitwe kuzima moto ambao hakuuwasha. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, sijui kukimbia wala kudaka, kwa hiyo nikapewa daftari la kuandika alama.

Wapinzani waliosimama kwenye beisi, vile vituo vya njiani, wakivizia kukimbilia nyumbani, kituo cha mwisho kinachowapa alama, niliwaita wageni, na hapo ndipo nilipoharibu. Mama, mtu wa Tanga, alikuwa na sheria yake: mgeni akiingia, aliyepo ndiye mwenyeji, asiulize nani kamwalika, aweke chai. Basi mrushaji wa kwanza akiacha wageni watatu kwenye beisi, Mjomba akaingia, mpira ukapigwa mbali na wote wakafika nyumbani, alama zote tatu nilimwandikia Mjomba kama kosa lake. Si ndiye aliyewakuta? Nilijiona hakimu, tena mwenye penseli iliyochongwa.

Msimu ulipokaribia kwisha Kocha alitakiwa kumpunguza mrushaji mmoja. Akachukua daftari langu, akapiga hesabu, akatikisa kichwa, akanirudishia; jina la wa kuondoka angelitangaza Jumapili iliyofuata. Taa za kuongoza magari hapa tunaziita robot, na Kocha, Mzulu mwenye Kiswahili cha kuokoteza kutoka kwa wachezaji wake, alimwambia mbele ya watu, “Eish, Sefu. Kwa namba hizi wewe ni robot ya kijani. Kila mtu anapita.” Mjomba alicheka na wenzake, lakini glavu aliikunja polepole sana. Njiani nilimuuliza kama nimpunguzie kidogo. “Andika ulichoona, mjomba,” akanijibu. “Usinipendelee.”

Jibu hilo lilininyima raha mpaka nikafanya jambo la ajabu: nikasoma ukurasa wa sheria ambao Kocha aliubandika nyuma ya daftari tangu mwanzo, na ambao niliuruka kwa kuwa ulikuwa mrefu. Ulisema mkimbiaji huhesabiwa kwa mrushaji aliyemruhusu kufika kwenye beisi, hata kama mrushaji huyo amekwisha kutoka uwanjani. Wiki nzima nilikaa kwenye meza ya jikoni nikifuta na kuandika upya, Mama akinisimamia bila kuafiki. “Yaani mtu aalike wageni kisha aondoke zake? Mchezo gani huo usio na adabu.”

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya timu, nikasema nyingi ya alama zile si za Mjomba, kosa ni langu. Kocha alirudia hesabu. Mjomba hakugeuka nyota, la. Namba zilimtoa kwenye aibu zikamweka katikati. “Wa kawaida,” Kocha akasema. “Wa kawaida anabaki.” Aliyepunguzwa ni yule mrushaji wa kwanza, kipenzi cha daftari langu, na hadi leo tukipishana dukani hanisalimii.

Sasa nimekuwa mtu mzima, naishi mtaa wa Berea, na kunitoa ndani kunahitaji sababu nzito. Binti wa Mjomba ana simu inayojua kila mrushaji maarufu: aliingia lini, alikuta nani kwenye beisi, wangapi walimponyoka, yote yamepangwa kabla mpira haujatulia. Ni sahihi kuliko mimi, sibishi. Juzi Mjomba alimwomba amtafute na yeye humo. Hakuwemo.

“Basi mpigie dada yako,” akamwambia.

Akanipigia, akauliza kwa Kiingereza chake baba yake alikuwa mrushaji wa namna gani. Nikamjibu ukweli: wa kawaida. Nyuma yake nikamsikia Mjomba akipiga makofi, akimwambia, “Umesikia? Namba hizo zilihakikiwa mara mbili.”