Nilishona kwa cherehani blanketi walilotaka lishonwe kwa mkono

Admin, naomba unifichie jina. Bibi yangu hana simu kubwa, lakini majirani zetu wanayo na wote wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne na kwa sasa nipo tu nyumbani. Naishi na bibi mzaa mama hapa Kambarage, Shinyanga. Nina aibu sana, hata dukani naagiza kwa sauti ndogo mpaka muuzaji anakasirika. Ndiyo maana nimeona niandike.

Bibi anashona mablanketi ya viraka. Juu vipande vya vitenge, katikati pamba, chini khanga, halafu anapitisha sindano kwa mishono midogo midogo kushika vyote vitatu. Watu humletea nguo za ndugu zao waliofariki. Mwenye nguo lazima akae kwanza asimulie kila nguo ilivaliwa wapi, na anayeshona anatakiwa ashone akiyawaza hayo. Cherehani ya miguu tunayo, lakini bibi anaitumia kwa sare za shule tu. Kazi ya marehemu ni ya mkono.

Juzijuzi alikuja mama mmoja kutoka Geita, nitamwita Mama Leticia. Binti yake huyo Leticia alifariki, akaacha mtoto wa kike ambaye hata kuongea hajajua vizuri. Mama alikaa kwenye mkeka akatoa nguo moja moja. Kitenge cha njano, alikivaa siku ya ubatizo wa mtoto. Gauni la bluu, alikuwa anauzia chakula kwa wachimbaji, lina doa la mafuta. "Hilo doa msilikate," alisema. "Mtoto alale nalo."

Bibi macho yake yamepungua nguvu, akaniambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "hili utashona wewe." Kisha akaenda Ushirombo kumuuguza dada yake.

Nilijaribu, Mungu ananiona. Lakini mkono wangu haujatulia. Mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, khanga ya chini ikajikunja. Bibi alishanitania siku nyingi, "Mishono yako hii, kidole cha mtoto kitaingia kinase." Nikawaza Mama Leticia atakavyolitazama, nikaona aibu.

Kwenye simu nilikuwa nimeona fundi mmoja anafanya cherehani idanganye. Juu unaweka uzi mwembamba wa nailoni usioonekana, kwenye bobini kule chini unaweka uzi mweupe wa pamba. Unakaza sana uzi wa juu na kurefusha mshono. Ule wa nailoni unauvuta mweupe utokeze kidogo, kwa hiyo jicho linaona nukta, nafasi, nukta, nafasi, kama mkono wa mtu. Nilijaribu kwenye kitambaa kibovu nilichokitia pamba, ikakubali. Nikashona blanketi zima. Mistari ilinyooka mno, basi nikawa naipindisha kidogo makusudi. Hapo ndipo roho inaniuma zaidi, maana hata kukosea nilikuwa naigiza. Na wakati nashona sikumuwaza Leticia hata kidogo. Nilikuwa nawaza uzi usikatike.

Bibi aliporudi alilipapasa kwa vidole. "Mbona panakwaruza?"

"Labda vipande vya mbegu za pamba, bibi."

Akacheka. "Kumbe nikiondoka ndiyo unajua kushona! Ningeenda Ushirombo tangu zamani." Jioni hiyo akawaambia akina mama wa jumuiya kwamba hata akifa leo, kazi yake ina mtu.

Mama Leticia alipokuja kulichukua, aliweka shavu kwenye kile kitenge cha njano. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, umeshona yote kwa mkono wako?"

Nikasema, "Ndiyo, mama." Akanishika hii mikono akaibusu.

Akamuuliza bibi kama kulifua kutahitaji uangalifu. Mnajua huku kwetu nguo ya mtoto ikianikwa nje lazima ipigwe pasi, kuua mayai ya nzi. Bibi akamjibu kwa kujiamini, "Piga pasi hata ya mkaa, mama. Pamba haiogopi moto." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua ule uzi ni nailoni. Sikufungua mdomo.

Alipoondoka nikachukua kile kitambaa changu cha majaribio, nikakipiga pasi ya mkaa. Uzi ulijikunja ukayeyuka, mishono ikaachia yote, pamba ikatoka.

Jana Mama Leticia amempigia bibi. Jumamosi ni misa ya kumwombea binti yake, na anataka mtoto abebwe kanisani akiwa amefunikwa blanketi la mama yake. Kesho kutwa atalifua, likikauka alipige pasi. Bibi aliniwekea simu sikioni nimsalimie. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nikarudisha simu.

Ninaweza kumtumia ujumbe asipige pasi, nimdanganye sababu nyingine. Lakini mtoto atalala kwenye uongo wangu mpaka akue. Nikisema ukweli, bibi ndiye aliyetoa neno lake mbele ya yule mama, na aibu itakuwa ya kwake. Nimeshawaza kupanda basi kwenda Geita niufumue ule uzi na kushona upya kwa mkono, hata mishono ikiwa mibaya, ila siwezi kutoka hapa bila bibi kujua ninaenda kufanya nini.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mama zangu na dada zangu, msinitukane sana, tayari sili vizuri. Niambieni tu nianze na nani, bibi au Mama Leticia? Na neno la kwanza niseme nini? Nikisimama mbele yao najua sauti haitatoka.