Siku Tuliyomsukuma Bibi Hadi Baharini

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika taratibu.

Nikipita penye magunia ya vitunguu hapa Kariakoo, harufu yake hunirudisha kwenye Idi moja nilipokuwa mdogo. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Newala kutibiwa mguu. Maumivu yaliisha, lakini mguu haukukunjika tena. Baada ya sikukuu angerudi kwao, na maji ya bahari hakuwahi kuyakanyaga. Nikasema haondoki hivyo. Mimi, niliyezoea kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, siku hiyo nilisema mpaka wakanisikia.

Tulijaribu bajaji, mguu ukabaki nje. Ndipo Mjomba Saidi, mchukuzi wa sokoni, akaleta mkokoteni wake. Akampakia Bibi kama anavyopakia mzigo: mgongo mbele, umeegemea magunia matupu, mguu umenyooshwa nyuma. Yeye akavuta, mimi nikasukuma.

Mtaa mzima ulitutazama. Nilikuwa na gauni jipya na sikujua niufiche wapi uso wangu. Muuza viatu mmoja akauliza, "Mjomba, huyo bibi unamuuza jumla au rejareja?"

"Jumla tu, mjukuu wangu," Bibi akamjibu. "Huu mguu peke yake nani atanunua?"

Watu wakacheka, na Bibi akacheka kuwashinda. Nikainua uso, nikasukuma.

Tulivuka kwa pantoni hadi Kigamboni. Kwenye mchanga magurudumu yakazama. Mjomba, akihema, akasema hapo panatosha, bahari inaonekana.

"Hakuja kuiangalia," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akatandika magunia mbele ya magurudumu, kama wanavyofanya sokoni wakati wa tope la masika. Tukishayapita, nayaokota nyuma, nakimbia kuyatandika mbele. Gauni la Idi likanuka vitunguu. Mwishowe tukaugeuza mkokoteni, na maji yakafika kwenye nyayo za Bibi. Halafu akasema yana ubaridi, tumwache hapo hapo.

Wakati wa kugeuza ndipo nilipoliona kosa letu. Njia nzima Bibi alikuwa ametazama nyuma. Maghorofa, meli, hata bahari yenyewe ilipoanza kuonekana, vyote vilikuwa mgongoni kwake. Nikalia. Akanifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Usilie, Somoe. Nimeona vizuri tu."

Nilidhani ananibembeleza. Alirudi Newala, na hatukuonana tena. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kutoka Kariakoo mpaka kwenye maji, aliyekuwa mbele ya macho yake ni mimi, ninasukuma.

Ile haya ya kujificha nyuma ya mlango ninayo bado. Hata kuandika haya nimeacha na kurudi mara nyingi, lakini nimemaliza. Nanyi niandikieni: nani mliwahi kumpeleka matembezi, na yeye alitazama nini? Nitawajibu, hata kama ni taratibu.