Siku Tatu Alizoniomba

Kwenye redio yetu hapa Lubumbashi watu huleta komunike, yaani matangazo ya misiba, kila asubuhi, na mimi nilikuwa na tabia ya kuzipitia kabla hazijasomwa hewani. Wenzangu walinitania kwamba nanusa maiti. Waseme wapendavyo, habari zangu nyingi za uchunguzi zilianzia kwenye zile karatasi. Siku moja nikakuta inayosema mwanamume fulani, baba wa watoto wawili, amefariki "baada ya ugonjwa mfupi", na matanga yako nyumbani kwao, upande wa Kambove. Saa ya mazishi haikuandikwa. Mtu anakufaje kwa ugonjwa halafu ndugu zake wasijue watamzika lini?

Nikafunga safari. Mama wa marehemu nilimkuta amekaa mkekani na wanawake wenzake. Aliponiona na kinasa sauti changu alishaelewa nimefuata nini, akaniita nyuma ya nyumba. Mwanawe hakuugua hata siku moja. Alikuwa mchimbaji, shimo lilimwangukia, na mwili bado ulikuwa chini. Ile karatasi iliandikwa na mwenye shimo. Aliwaahidi kwamba atamtoa, mradi wafunge midomo.

"Papa, minakuomba, ngoja siku tatu," aliniambia. "Bamutoshe kwanza mutoto yangu mule shimoni, tumuzike. Kisha utasema byote, hata jina yangu utaitaja. Ukisema leo, bakubwa batakuya kufunga pale, na yeye atabakia mule chini."

"Minasikia, mama. Nitangoja."

Kabla ya kurudi mjini nilipita machimboni, nikapiga picha mbili tatu kwa simu. Wanaume walikuwa wakishusha ndoo kwa kamba na kupandisha udongo. Walikuwa wanamtafuta kweli. Jambo hilo sikuliweka kwenye habari yangu, na linaniuma mpaka leo, maana nililiacha kwa makusudi. Mwenye shimo mwovu ambaye anatimiza ahadi yake angeniharibia utamu wa habari.

Nilingoja siku moja. Siku ya pili mhariri aliniambia redio nyingine imeshapata fununu, damu ikanichemka. Nikajiambia kwamba tukitangaza, wakubwa wataona aibu, wataleta mashine, na mwili utatoka haraka kuliko kwa ndoo na kamba. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza. Sikumtaja mama wala mtaa wake, nikajiona muungwana.

Habari ikavuma. Kamalondo, ninakokaa, fundi cherehani wa jirani aliacha kushona akatoka nje kunipa mkono. Kwenye baa watu nisiowajua waliniletea bia mezani. Kesho yake mashine zilifika kweli. Wakubwa walisimama mbele ya kamera wamevaa kofia za mgodini, na tingatinga likafukia mashimo yote na kusawazisha eneo zima. Kwa usalama wa wananchi, walisema. Mwenzangu ndiye aliyeisoma habari hiyo hewani, mimi nikiwa upande wa pili wa kioo cha studio.

Wiki mbili nilitafuta visingizio. Siku nilipoenda, nilitamani mama anitukane, anifukuze, anipigie kelele majirani wasikie. Hakufanya hivyo. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniacha nimalize kunywa, kisha akasema twende. Tulitembea mpaka machimboni. Ulikuwa uwanja mwekundu, mtupu, wenye alama za minyororo ya tingatinga.

"Siye bamuke banatukatazaka kufika hapa," alisema. "Banasema tuko na mukosi, tunafukuza mawe ya madini. Njo maana ile shimo sikuionaka hata siku moja. Weye uliiona, papa. Nionyeshe. Iko wapi?"

Nikatoa simu, nikafungua zile picha. Nyuma ya wanaume wenye kamba palionekana marundo mawili ya udongo, kibanda cha maturubai na mti mkavu. Nikainua macho. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimebaki. Niligeuka huku, nikageuka kule, naye alinisubiri kwa adabu kama watu wanavyomsubiri karani ofisini. Niliona haya, na niliogopa. Ningemwambia vipi kwamba hata hilo nimempotezea?

Nikanyoosha kidole. "Pale, mama."

"Pale?"

"Ndiyo. Palepale."

Alivua kandambili, akaenda mpaka nilipoonyesha, akapiga magoti na kuanza kumwita mwanawe kwa jina. Aliongea naye kwa muda mrefu, habari za watoto, habari za nyumba. Mimi nilibaki nyuma na simu yangu. Nasikia bado huenda pale kila Jumapili baada ya kanisa, na sijamwambia kwamba nilibahatisha.