Maili Elfu Tisa za Gari la Rubeni

Lushoto yote ilijua kwamba Sefania fundi akishataja bei ya gari, basi, mjadala umekwisha. Muuzaji hununa, mnunuzi hukuna kichwa, lakini mwisho hupeana mikono kwa bei ile ile. Kabla ya kuitaja alikuwa akiliteremsha gari mpaka Soni kwa barabara ya mlimani na kulipandisha tena, maana kwenye kona zile hakuna gari linaloficha ugonjwa wake. Kwa kazi hiyo hakudai hata chai. Kusema kweli, jina lake ndilo lililokuwa karakana yake. Ile ya mabati ilikuwa kibanda tu.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1968, Rajabu, mchuuzi aliyetajirika kwa kabichi za Magamba, alipomwomba waende wakatazame gari la spoti la marehemu Rubeni, hakuna aliyejua kwa nini fundi alikosa usingizi siku mbili. Rajabu alicheka njia nzima. Watu walishamtania kwamba tangu Azimio la Arusha magari ya viti viwili ni ya wanyonyaji, naye akawajibu kwamba yeye si kiongozi, ni muuza kabichi, na kabichi hazikutajwa kwenye Azimio. Sefania hakucheka. Alikuwa akiomba gari likatae kuwaka.

Walilikuta bandani, jekundu, turubai limefunuka upande mmoja na kuku wametagia kiti cha abiria. Rajabu aliinama kwenye mita ya maili, akasoma kwa sauti: elfu tisa na kidogo. Gari la miaka kumi na mbili, maili elfu tisa. Akasema hilo ni jipya kabisa, na fundi akitaja shilingi elfu sita, elfu sita anatoa leo hii. Yudith, mjane wa Rubeni, hakutaja bei. Alisema fundi ndiye atakayeitaja, naye atapokea itakayotajwa, ila masika yanakaribia na nyumba yake inavuja kila chumba, anataka kuiezeka bati.



Siri ya maili zile Sefania aliijua, kwa sababu ilikuwa yake. Alipokuwa kijana katika karakana ya shamba la Mzungu mmoja, bwana yule alichoshwa na mlio wa waya wa mita, akamwamuru auchomoe. Kwa miaka mitatu gari lilishuka Tanga kila Jumamosi bila kuhesabiwa hata maili moja. Uhuru ulipokaribia, bwana akaamua kurudi kwao. Akaagiza waya urudishwe, kisha akamwuzia gari karani wake, Rubeni, kwa bei ya gari lililokuwa limekaa tu. Rubeni alikata miti yake yote ya miwati, akauza magome yake ya kutengenezea ngozi, akalipa. Siku ya kukabidhiwa alimwuliza Sefania kama gari ni zuri. Sefania alitazama viatu vyake, akasema ni zuri.

Kwa miaka sita iliyofuata Rubeni alikuwa akimletea gari lile kila mwezi, na wala halikuwa na ubovu. Alikuwa akikaa kwenye benchi, akinywa chai, akiuliza kama hakuna jambo. Sefania alikuwa akijibu hakuna, kisha akijilaumu mpaka jioni. Mwaka wa saba wakamzika mzee, na fundi akawa hajalisema neno lile.

Sasa aliliteremsha gari Soni, Rajabu kando yake akiwapungia watu mkono. Breki zilizama. Gia ya pili ililia. Akisema elfu sita, mjane ataezeka nyumba, na Rajabu atanunua gari linaloweza kumuua mteremkoni. Akisema kweli, mji mzima utajua neno la Sefania lina thamani gani. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Waliporudi alizima injini. Akashuka, akasimama mbele ya Yudith.

"Mama, maili hizi si za kweli. Waya niliuchomoa mimi, na mzee aliponiuliza nikamficha. Gari hili limetembea karibu maili elfu arobaini, na breki zake zinataka kutengenezwa. Bei yake ni elfu mbili."

Rajabu aliinama tena kwenye mita ya maili. Yudith aliokota yai moja kati ya yale yaliyoondolewa kwenye kiti cha gari, akalifuta kwa khanga yake taratibu.

"Rubeni alijua," alisema. "Aliona mipira ya pedali imelika mno kwa gari la maili chache, siku ile ile ya kwanza. Nikamwambia akuulize waziwazi, akakataa. Alisema neno hilo ni lako kulileta, si lake kulidai. Unadhani kila mwezi alikuwa akifuata nini kwako, mwanangu?"

Sefania alikaa chini palepale bandani, akalia mbele ya watu. Yudith alimwacha alie. Kisha akamgeukia Rajabu, akamwambia bei ameshaisikia, na kwamba elfu mbili zitatosha kuezeka upande anaolala.