Kilima cha Mzee Nsajigwa

Felista aliwapikia masista wa kilimani Suma kwa miaka ishirini na tisa, na walipoondoka akabaki na funguo zao. Walikuwa wamesalia watatu tu, vikongwe, mmoja wao haoni tena. Siku gari la jimbo lilipokuja kuwachukua, iliachwa barua kwamba nyumba ile sasa ni ya kijiji, iwafae watu. Kijiji kikaifanya zahanati. Kanisa dogo la ndani likawa pa kusubiria wagonjwa, ukuta wa nyuma ya altare ukatobolewa dirisha la dawa, na chumba cha kulia kikawa ofisi ya mwenyekiti. Felista naye alivua aproni akavaa koti la bluu la mhudumu, akaendelea kudeki sakafu ile ile.

Kwake hakukuwa kwake. Aliolewa Matwebe, mume akafa kabla hawajajaliwa mtoto, akarudishwa kwao na sanduku moja. Mdogo wake, Ambindwile, alimjengea kibanda ukingoni mwa migomba yake. Felista alishukuru, na Ambindwile hakuacha kumkumbusha kushukuru.

Mambo yaliharibika pale halmashauri ilipotaka kujenga wodi ya wazazi pale kilimani. Sharti lilikuwa moja: ardhi isiwe na mgogoro. Ambindwile akajitokeza na kusema kilima ni cha marehemu baba yao, mzee Nsajigwa, aliyewaazima masista tu. Masista wameondoka, basi kirudi. Hakuishia kusema. Alikata miti akaziba geti, akapanda miche ya parachichi hadi karibu na ngazi. Wajawazito wakawa wanazunguka kwenye matope, wakishikana mikono wasiteleze. Vijana wa kijiji wakaapa kuifyeka ile miche. Wanawe Ambindwile wakaanza kushinda getini na mapanga, wakijifanya wanapalilia.

Karatasi ilikuwepo, yenye dole gumba la mzee, lakini ilisema tu kwamba ametoa eneo. Masharti haikutaja. Waliokuwepo siku hiyo walikwisha kufa wote, isipokuwa mtoto wa miaka kumi aliyesimama nyuma ya baba yake na kibuyu cha maziwa ya kuwakaribisha wageni. Mtoto huyo alikuwa Felista.

Mwenyekiti wa kijiji, Ackson, alimfuata kwenye jiko la zahanati, akafunga mlango.

“Mama, sikuombi useme uongo,” alisema. “Sema tu hukumbuki. Ulikuwa mtoto mdogo, nani atakulaumu?”

Jioni ile ile Ambindwile naye akaja kibandani. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono juu ya kizingiti.

“Dada, wewe ulikuwepo. Sema aliyoyasema baba, basi. Ila ukienda upande wao, na pa kulala utafute kwao.”

Kilichomkaba Felista si vitisho. Ni kwamba mdogo wake alikuwa na haki. Maneno ya baba alikuwa anayakumbuka kama aliyasikia jana. Mzee alikuwa Mmoraviani, si Mkatoliki, hakuwa na habari na mambo ya masista; aliwapa kilima kwa sababu walihitaji mahali na yeye alikuwa napo, tena pa baridi, ndizi hazikustawi. Na aliwaambia wazi kwamba wakiondoka, kirudi. Akinyamaza, atakuwa amemwibia marehemu. Akisema, atawatazamaje akina mama wa Suma, wakijua kwamba aliyewafungia zahanati ni yule aliyekuwa akiwapangusia benchi? 

Mkutano wa kusikiliza mgogoro ulifanyika Jumamosi, mle mle katika kanisa la zamani. Afisa ardhi, binti mmoja kutoka Tukuyu, alikaa chini ya dirisha la dawa na jalada lake. Benchi zilijaa, waliokosa nafasi wakabana mlangoni. Wanawe Ambindwile walisimama ukutani. Mapanga walikuwa wameyaacha nje, lakini kila mtu alijua yako wapi.

Felista aliitwa. Alisimama, akashika mgongo wa benchi.

“Baba alisema nyumba ni ya masista maadamu wapo,” alisema. “Wakiondoka, kilima kirudi.”

Watu walinguruma. Ackson aliinamisha uso. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba huyu kanunuliwa kwa kibanda. Ambindwile alikwisha kusimama, akivaa kofia yake.

“Sijamaliza, mdogo wangu,” alisema Felista. “Kaa.”

Hakuwahi kumwambia hivyo mbele za watu. Ambindwile akakaa.

“Baba alisema kirudi kwa abana bangu. Watoto wangu, alisema. Tuliobaki hai tuko wawili, na mmoja ni mimi.”

Ambindwile alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki. Akasema kwa mila za Kinyakyusa mwanamke hugawiwa kwa mumewe, si kwa babaye. Afisa ardhi akamwambia sheria haimbagui mtoto wa kike, halafu akamuuliza kama anaukubali ushahidi wa dada yake. Akajibu anaukubali.

“Shahidi mwenyewe ndiye huyu peke yake, mzee,” alisema yule binti. “Ukimkubali, mkubali mpaka neno la mwisho.”

Mwana mkubwa wa Ambindwile alijibandua ukutani, akaanza kusogea. Mlangoni nako vijana wakasukumana kuingia. Kwa muda mfupi ikawa ni suala la nani atagusa mtu kwanza. Ambindwile aliinua kiganja kidogo tu, bila kumtazama mwanawe, na kijana akarudi ukutani. Felista ndipo akamalizia: sehemu yake iwe hii yenye nyumba, naye anaiacha kwa wagonjwa.

Shauri halikuisha siku hiyo. Lilipelekwa baraza la ardhi, likachukua miezi mitatu, mwishowe kilima kikagawanywa, mpaka ukipita katikati ya bustani ya zamani ya mboga. Ambindwile alipata upande wa chini, akahamishia huko miche yake. Geti likafunguliwa. Msingi wa wodi ukachimbwa kabla ya mvua kubwa.

Felista alitoka kibandani kwa hiari yake, hakungoja kufukuzwa. Alipanga chumba karibu na soko. Mke wa Ambindwile humletea ndizi kwa kificho. Ambindwile mwenyewe alikaa mwaka mzima bila kumsalimu.

Alikuja Aprili hii. Alimkuta dada yake anaanika mashuka nyuma ya zahanati, akasimama upande wake wa mpaka.

“Nataka kujua kitu kimoja,” alisema. “Baba alisema hivyo kweli, au uliongeza?”

Felista alilivuta shuka likanyooka.

“Kama ningetaka kuchezea maneno ya baba, ningeliondoa lile la kurudi. Wewe usingepata kitu.”

 Ambindwile akauliza kama chumba alichopanga kinavuja. Felista akasema kinavuja kidogo, upande wa dirisha. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, akateremka kwenda kwenye miparachichi yake.